Onyesha Ikiwa

Sikusomea kompyuta. Niliuza sabuni
mpaka duka likafungwa, ndipo ghala la hazeli la Zugdidi
likaniajiri kupanga mafaili.
Wiki ya tatu Badri, meneja, akaniwekea kompyuta mezani:
"Tutengenezee programu. Siku hizi hata msimbo huandiki,
unaburuta tu visanduku."

Nikaburuta.
Kisanduku cha uzito, kisanduku cha unyevu,
orodha ya wakulima, picha ya gunia,
kitufe cha kijani cha KUBALI, chekundu cha KATAA,
na chini kabisa, bei.

"Bei asiione kila mtu," alisema Badri.
Alisema akitazama dirishani, kule kwenye mizani
alikosimama Lamara na koti lake la mvua,
miaka ishirini na sita akipima njugu za watu.

Basi kila kitu nikakipa sharti.
Onyesha ikiwa dhima ni meneja.
Onyesha ikiwa dhima ni mhasibu.
Dereva aone njia na namba ya lori.
Mpimaji aone uzito. Uzito tu.
Sharti ni mstari mmoja, halimalizi hata dakika,
halipigi kelele kama komeo,
halimwambii aliyefungiwa kwamba amefungiwa.
Mlango uliofungwa unauona, utaugonga, utautukana.
Kitufe kilichofichwa hakikuachii hata pa kugonga.

Hayo sikuyawaza siku ile. Siku ile nilijisifu.

Jumapili jioni, mvua ikidai paa kama mdeni wake,
nikataka kuona anachoona Lamara.
Nikafungua orodha ya watumiaji, nikatafuta jina langu,
nikafuta *msimamizi*, nikaandika *mpimaji*.
Hifadhi.

Skrini ikawa nyeupe kama sahani iliyorambwa.
Kisanduku kimoja. Kitufe kimoja: TUMA.
Juu yake, kwa adabu zote, *Karibu, Tsitsino*.
Nikatafuta pa kurudi.
Pa kurudi nilipaficha mwenyewe, Alhamisi,
saa tano asubuhi, huku nikinywa chai.
Mchimba kisima huingia mwenyewe,
na kisima changu kilikuwa na nembo ya njugu mlangoni.

Msimamizi mwingine ni Badri,
na Badri yuko Mestia, harusini kwa binamu yake,
milimani ambako simu ni saa ya mfukoni tu.

Jumatatu nikashuka kwenye mizani.
Lamara alicheka mpaka akashika gunia asianguke.
"Karibu chini," akasema.
Tukapima pamoja, yeye akiinua, mimi nikiandika,
uzito, tuma, uzito, tuma.
Saa sita akatoa daftari kotini, limevimba kwa unyevu:
bei ya kila siku, kwa penseli, tangu mwaka juzi.
"Ulidhani bei inalala ndani ya simu?
Wakulima hupita hapa wakitoka kulipwa.
Nyuso zao nazisoma kabla hawajafungua mdomo."

Kisha akanionyesha gunia la Jumber:
juu hazeli safi, kavu, zinalia ukizitikisa;
chini, ukungu.
"Si mwizi. Mkewe ndiye aliyekuwa akianika.
Amemzika Agosti. Hayo niyaandike wapi?"

Nikatazama skrini yangu. Uzito. Tuma.

Badri alirudi Jumatano, macho mekundu kwa divai,
akanirudishia cheo changu kwa kidole kimoja.
Bei sikuifungua. Si ghala langu,
na nina kodi ya nyumba.
Lakini niliburuta kisanduku kirefu, cha maneno,
nikakiweka juu, juu hata ya KATAA,
*Mpimaji anasema*,
na pale pa kuandika onyesha ikiwa,
nikapaacha patupu.

Alasiri ile ujumbe wa kwanza ukaingia, kwa wote,
kwa dereva, kwa mhasibu, kwa Badri aliyekuwa akitafuta dawa ya kichwa:

*Jumber apewe wiki moja aanike upya.
Na mizani inataka grisi. Nimesema tangu masika.*